Mabegi ya safari ya baiskeli: anza na keria, malizia na begi

Begi la safari ya baiskeli ni nadra kuharibika kwa kitambaa kuchanika. Kwa kawaida kulabu hukatika, boliti ya keria hulegea bila mtu kujua, au ncha ya mkanda hugusa tairi kutwa nzima mpaka ikaliwa. Kwa hiyo unaposhika begi dukani, ligeuze uangalie mgongo wake kabla ya kuuliza lina lita ngapi. Mgongoni ndiko kwenye vifungio, na vifungio ndivyo vitakavyoamua kama mzigo utatulia au utakusumbua kila kwenye shimo.

Tandaza mzigo kwanza

Weka sakafuni kila kitu unachokusudia kubeba: hema, mfuko wa kulalia, godoro la kupuliza, jiko, sufuria, nguo, pampu, tyubu za akiba, spana, chakula cha siku moja. Pima vitu vizito kimoja kimoja kwenye mizani. Kisha vigawe mafungu matatu: vidogo lakini vizito (spana, spea, kufuli, chakula, jiko), vikubwa lakini vyepesi (nguo, mfuko wa kulalia), na vile utakavyovihitaji njiani bila kufungua mzigo wote (simu, pesa, koti la mvua, kitu cha kutafuna). Kila fungu lina mahali pake kwenye baiskeli, na ukishaligawa utajua unahitaji mabegi ya namna gani.

Kupata lita ni rahisi. Pakia vyote ndani ya boksi la karatasi ngumu, ukivibana kidogo kama utakavyovibana ndani ya begi. Pima urefu, upana na kimo kwa sentimita, zidisha, gawanya kwa 1,000. Boksi la sm 40 kwa 30 kwa 35 ni lita 42. Ongeza lita tano hadi kumi za nafasi ya chakula utakachonunua njiani, halafu ishia hapo. Begi kubwa kupita mzigo lina madhara mawili: vitu vinacheza ndani na kulisukasuka, na wewe unashawishika kulijaza.

Kwa makadirio, anayelala kwenye nyumba za wageni anatosheka na lita 15 hadi 25. Anayelala kwenye hema penye joto atahitaji 35 hadi 50. Anayepiga hema kwenye baridi na kujipikia atafika 60 au 80. Ukiona umevuka hapo, rudi sakafuni kupunguza mzigo.

Baiskeli yako inaweza kushika nini?

Igeuze baiskeli na utafute matundu ya boliti. Matundu ya chini huwa karibu na ekseli ya nyuma, ya juu huwa kwenye mabomba mawili yanayopanda kuelekea siti. Karibu yote hupokea boliti ya M5, yaani ya kipenyo cha mm 5, inayokazwa kwa spana ya pembe sita ya mm 4. Matundu yote manne yakiwepo, keria ya kawaida itakaa bila shida.

Yakikosekana ya juu tu, kuna pete ya nguzo ya siti yenye matundu yake mawili. Unaondoa pete ya zamani na kuvalisha hiyo, ila upime kipenyo cha fremu kwanza. Bango za chuma (pete za kubana bomba) zilizofunikwa kwa mpira nazo zinashika vizuri kwenye fremu ya chuma au alumini. Yakikosekana ya chini, zipo keria zinazobanwa na ekseli yenyewe. Kwenye fremu ya kaboni usibane bango mahali popote: bomba hilo halikutengenezwa kubanwa kutoka nje, na linaweza kupasuka bila kuonyesha dalili.

Keria zinazoning'inia kwenye nguzo ya siti peke yake hazifai kwa mabegi mawili ya kando. Nyingi zinaishia kilo 10 au chini ya hapo, na hata ukizikaza vipi huzunguka kulia na kushoto barabara ikiwa mbaya.

Uzito ambao keria inaruhusiwa kubeba huwa umeandikwa au kugongwa kwenye keria yenyewe. Kilo 25 ni kiwango cha kawaida kwa keria nzuri ya nyuma. Hesabu hiyo ni pamoja na mabegi. Jozi ya mabegi makubwa yasiyopitisha maji inakaribia kilo 2 kabla hujatia kitu, na hiyo watu huisahau. Angalia pia miguu ya keria. Mguu mmoja mwembamba kila upande hauzuii begi kuvutwa ndani, na begi likigusa spoki tairi la nyuma linaweza kukwama ghafla. Chagua keria yenye miguu miwili au mitatu kila upande, iliyosambaa, ili mgongo wa begi upate mahali pa kuegemea. Chuma kinashinda alumini kwa safari ndefu kwa sababu moja kubwa: kikipasuka, fundi yeyote mwenye mashine ya kuchomelea anakirudisha.

Kisigino

Hili linaharibu safari nyingi, na kulipima huchukua dakika tano. Begi la kando likikaa mbele mno, kisigino kinaligonga kila pedeli inapozunguka. Chanzo ni umbali kati ya ekseli ya pedeli na ekseli ya nyuma. Baiskeli zilizotengenezwa kwa safari zina sm 43 hadi 46. Za mashindano ya barabarani zina kama sm 41, na sentimita hizo chache ndizo zinazokukwamisha ukiwa na mguu mkubwa.

Funga begi likiwa limejaa, kwa sababu likijaa hutuna. Vaa viatu utakavyosafiri navyo, kaa kwenye siti huku mtu ameshika baiskeli, zungusha pedeli kinyumenyume. Unataka angalau sm 2 kati ya kisigino na begi. Pasipotosha, legeza kulabu za juu, zisogeze kwenye reli yake kuelekea mbele ya begi. Begi lenyewe litarudi nyuma. Lakini usilisukume mpaka sehemu kubwa ya begi ipite nyuma ya ekseli, maana uzito ulio nyuma ya ekseli unainyanyua mbele ya baiskeli na usukani unakuwa mwepesi wa kuogofya. Ukifika mpaka huo na kisigino bado kinagonga, chagua begi dogo zaidi, au lenye kona ya mbele iliyokatwa mshazari, au keria ndefu.

Kulabu za begi la kando

Kulabu za juu zinakaa kwenye bomba la keria. Mabomba hayo hayalingani: keria nyingi za chuma ni mm 10, za alumini mara nyingi ni nene zaidi, hadi mm 16. Begi zuri huja na vipande vidogo vya plastiki vya kupunguza mdomo wa kulabu ulingane na bomba. Vitu hivi vidogo hutupwa pamoja na mfuko wa karatasi siku ya kwanza, na hapo ndipo balaa linapoanza. Kulabu ikiwa pana kuliko bomba inagonga kila tuta, inakwangua rangi, inakula chuma, mwishowe plastiki inakatika yenyewe. Weka begi tupu kwenye keria, litikise kwa nguvu, sikiliza. Likitoa mlio wa tik-tik, hujapata kipande sahihi.

Kisha kulabu ya chini. Kazi yake ni kuzuia begi lisipepee nje kwenye kona wala kuingia kwenye spoki. Inatakiwa ipite nyuma ya mguu wa keria na kubana kidogo; ikielea hewani haina faida. Kwenye mabegi mengi kulabu hii husogezwa baada ya kulegeza boliti moja, kwa hiyo ipange nyumbani, kila begi na upande wake, kisha utie alama ya kalamu ili ujue ikihama.

Zipo aina mbili kubwa za kifungio. Ya kwanza hujifunga yenyewe: unaposhusha begi kulabu zinang'ata bomba, na ukivuta mshikio zinaachia. Ya pili ni kulabu za wazi juu, na chini mpira au springi inayovutwa hadi mguu wa keria. Hiyo ya mpira inatosha kwenye lami. Kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo begi hurukaruka mpaka kulabu zinatoka, nalo linabaki barabarani nyuma yako. Safari ikiwa na kilomita nyingi za barabara mbovu, lipia ile inayojifunga.

Angalia pia jinsi kulabu zilivyoshikizwa kwenye begi. Boliti na nati zenye bamba gumu upande wa ndani ndizo bora, kwa kuwa unaweza kuzibadilisha njiani. Ribiti zikichomoka unahitaji karakana. Kulabu iliyoshonwa kwenye kitambaa kitupu, bila bamba, ni ya kubebea vitabu vya shule.

Jozi ya mabegi ya nyuma kwa kawaida ina lita 40, ya mbele lita 25 hadi 30. Ya mbele yanaanza kuwa na maana mzigo ukivuka kilo 15 hivi. Yakiwa chini, sawa na ekseli ya mbele, usukani huwa mzito kidogo unapotembea polepole lakini hutulia vizuri kwenye mteremko. Kugawa asilimia 60 nyuma na 40 mbele ni mwanzo mzuri. Uzito ukiachwa wote nyuma, spoki za gurudumu la nyuma ndizo zinazolipa, hasa za upande wa gea, ambazo zimekazwa kuliko nyingine.

Mabegi yasiyohitaji keria

Kwa njia nyembamba, mawe, na mzigo wa chini ya kilo 10, mabegi yanayofungwa kwa mikanda moja kwa moja kwenye baiskeli ni bora kuliko ya kando. Hayapanui baiskeli na hayana chuma cha kulegea. Hasara yake ni kwamba lazima yalingane na baiskeli yako hasa, na yanakulazimisha kufungua mzigo wote kila jioni.

Begi la fremu, lile linalojaza pembetatu, ndilo mahali pazuri kuliko pote pa kuweka vitu vizito: liko chini, katikati, na halichezi. Usilinunue kwa kukisia. Shika karatasi ngumu kwenye pembetatu, chora mabomba yalivyo, kata, na uende na kipande hicho. Acha nafasi ya boliti za vikamata chupa, au amua mapema maji yatahamia wapi. Unene wa sm 5 au 6 unatosha. Likizidi hapo magoti yataligusa, na goti linalogusa zipu mara elfu kadhaa kwa saa huchubuka. Zipu nayo ndiyo sehemu dhaifu ya begi hili. Ukilijaza mpaka zipu inapinda kwenye kona, meno yataachana pale pale. Tope likiingia, isuuze kwa maji na mswaki kabla ya kuivuta.

Begi la nyuma ya siti huanzia lita 5 na kufika 17 hivi. Pima kutoka reli za siti hadi juu ya tairi. Begi la lita zaidi ya 10 linahitaji takribani sm 20, na litakapojaa pawe na angalau sm 5 kati yake na tairi. Kama baiskeli ina springi nyuma, pima springi ikiwa imebonyezwa mpaka mwisho. Ugonjwa wa begi hili ni kuyumba kama mkia. Dawa iko kwenye upakiaji: vilivyo vizito na vigumu vitangulie kwenye ncha nyembamba iliyoshikana na nguzo, kisha nguo, toa hewa yote, ndipo ukunje mdomo na kukaza mikanda. Usivuke kilo 3 au 4. Zungusha utepe mgumu kwenye nguzo panapokaa mkanda, kwa sababu mchanga ukiingia hapo hufanya kazi ya msasa. Kumbuka taa ya nyuma: begi likiificha, itafutie mahali pengine.

Begi la usukani ni la vikubwa vyepesi, kilo 2 au 3. Kwenye usukani uliopinda chini, pima nafasi kati ya mikono miwili ya usukani, uondoe nafasi ya vidole na mikono ya breki. Hapo ndipo urefu wa mzigo unapoishia. Nyaya za gea na breki ndizo za kuangaliwa: begi likizikunja kwa nguvu, gea zinaanza kuruka zenyewe na fundi atahangaika kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Weka vipande vya sponji ngumu kati ya begi na usukani ili nyaya zipite. Bandika pia karatasi ya plastiki ya kulinda rangi pale begi linapogusa fremu.

Foki nyingine zina matundu matatu kila upande, yaliyoachana mm 64, kwa ajili ya kikamata mzigo. Kilo 3 kila upande ndicho kikomo cha kawaida, na kama mtengenezaji wa foki hajaruhusu, usitoboe wala kubana.

Begi la mgongoni liwe la maji na koti tu. Kilo zikizidi 2 au 3 zinahamia mabegani, viganjani na makalioni, na siku ya tatu utazijua.

Maji

Mwaka 1982 Mjerumani Hartmut Ortlieb alianza kutengeneza mabegi kwa turubai kama la malori, baada ya kulowa barabarani na kuona mizigo ya malori ikipita mikavu. Mabegi ya namna hiyo hayashonwi, viungo vyake huunganishwa kwa joto, na mdomo hukunjwa. Kunja mara tatu au zaidi. Mara mbili maji yanapita. Begi likijazwa mpaka haliwezi kukunjwa mara tatu, limepoteza sifa yake ya kuzuia maji.

Begi lisilopitisha maji pia halitoi maji. Tia humo shati lililolowa asubuhi na jioni kila kitu kina unyevu. Ndiyo maana mfuko wa wavu upande wa nje ni wa lazima. Mabegi ya kushonwa ni mepesi kurekebishika na yana mifuko mingi, lakini mshono hupitisha maji hata kitambaa kikizuia. Weka mfuko wa plastiki mgumu ndani yake. Vifuniko vya mvua vinavyovalishwa juu hupeperuka kwenye mteremko na kuchota maji chini, usivitegemee peke yake.

Kukagua begi la zamani, ingia chumba chenye giza, tia tochi inayowaka ndani, funga. Kila nukta ya mwanga ni tundu.

Kabla ya kuondoka

Funga kila kitu kama cha safari, maji yakiwemo, kisha fanya hivi kwa mpangilio:

1. Inua baiskeli nyuma na uiangushe kutoka sm 10. Kinachogonga, kitafute na ukikaze.
2. Pima begi la kulia na la kushoto. Tofauti isizidi nusu kilo.
3. Zungusha magurudumu yote mawili kwa mkono na uangalie kila ncha ya mkanda. Ncha ndefu ikunje na kuibana kwa mpira. Mkanda ukiingia gurudumu la mbele utakurusha juu ya usukani.
4. Pinda usukani mpaka mwisho kila upande. Hakuna waya uvutike, wala begi liguse tairi au fremu.
5. Endesha kilomita 20 hadi 30, pawe na mlima, mteremko na kipande cha barabara mbaya.
6. Simama ukaze boliti za keria upya. Zinalegea zaidi mwanzoni, kwa hiyo rudia baada ya kilomita 50, kisha kila siku chache. Tone la gundi ya nati kwenye kila boliti linapunguza kazi hii.

Kwenye mteremko wa jaribio hilo, baiskeli ikianza kutetemeka mwili mzima, bana bomba la juu kwa goti, punguza mwendo taratibu kwa breki zote mbili, usikamate usukani kwa woga. Ukisimama, tafuta sababu kwa mpangilio huu: keria iliyolegea, uzito uliopanda juu ya keria, uzito uliopita nyuma ya ekseli, begi moja zito kuliko jingine. Hamisha kitu kimoja, rudia mteremko. Ukihamisha vitu vinne kwa pamoja hutajua kilichokuponya.

Ndani ya mfuko mdogo wa vifaa weka boliti nne za M5 pamoja na washa na nati zake, kulabu moja ya akiba ya aina ya mabegi yako, vibanio kumi vya plastiki, mikanda miwili yenye kifungio cha chuma, bango mbili za kukaza kwa bisibisi, sindano nene na uzi wa nailoni, na kiraka cha kitambaa kile kile cha begi. Mguu wa keria ukikatika mbali na fundi, laza kipande cha chuma au kijiti kigumu kando ya mpasuko, kibane kwa bango hizo mbili, hamishia mzigo wa upande huo mbele, na uende polepole mpaka penye mashine ya kuchomelea.